Paa Mbele ya Taa

Kodambakkam, Madras
3 Agosti 1976

Mjomba Ravunni,

Nakusalimu kwa heshima zote, hata kama salamu hii utaisoma umekunja uso. Mimi sijambo. Magoti yako yanasemaje na mvua hizi? Na mama kikohozi kimempungua? Mwambie aache kulala na nywele mbichi.

Barua zangu za mwaka jana zilinirudia bila kufunguliwa. Hii nimeitia ndani ya bahasha ya Achutan, maana najua mkeo wa jukwaani humfungii mlango. Ni mwanamume mwenzako, lakini amekuwa malkia wako katika kila mchezo tangu sijazaliwa, na mkigombana mnagombana kama watu waliooana kweli. Nimemwomba akae mbele yako mpaka umalize kuisoma.

Nimezisikia habari za kunguru. Mama alimsimulia Achutan, Achutan akaniandikia. Siku ya kuwapa wafu wali kule mtoni ulinifinyangia na mimi tonge langu, ukaliweka kwenye jani la mgomba pamoja na la babu na la bibi. Ukapiga makofi kuwaita kunguru. La babu wakalila, la bibi wakalila, langu wakalizunguka na kuliacha. Mama anasema ulipiga makofi mpaka watu wa familia nyingine wakageuka kutazama. Mjomba, ungeniuliza mimi ningekuambia. Nipo hai, na siku hizi nina njaa kupita kiasi, lakini wali wa matanga yangu mwenyewe siutaki.

Sasa nisikilize. Atakuja hapo mtu anayeitwa Jayadevan, mwongozaji wa filamu. Anatengeneza filamu ya mwanamke wa nyumba kubwa, zamani za bibi zetu, aliyempenda mchezaji wa kathakali, msimulizi wa mikono na ngoma kama wewe, mtu asiye wa hadhi yake, na mambo yakajulikana. Si sinema ya kuimba na kukimbizana bustanini. Ni ya wale watu wanaopiga picha ya ukuta mpaka ukuta uanze kukutazama. Anataka wewe uwe huyo mchezaji. Lililo baya ni bora ulisikie kwangu: mpigapicha wake ni Alavi, mume wangu.

Na lililo zuri ni hili. Nina mimba ya miezi mitano. Kwetu mtoto ni wa nyumba ya mama yake, na mkuu wa nyumba hiyo ni wewe, kwa hiyo huyu ni wako upende usipende. Nataka azaliwe katika chumba cha kaskazini, pale mama aliponizalia mimi. Mimba ikifika mwezi wa saba, watu wa kwao huja kumchukua binti yao wampeleke nyumbani akajifungue. Mimi nani atakuja kunichukua? Ndilo ninalokuuliza, na sina lingine.

Mpwa wako,
Ambujam


Karimpara
9 Septemba 1976

Kwa Ambujam,

Salamu zimefika. Magoti ni magoti. Mama yako anakohoa asubuhi tu, na nywele bado analala nazo mbichi. Hasikii la mtu, ndiko ulikorithi. Achutan alikaa mbele yangu kama ulivyomtuma, akanywa chai yangu yote akingoja nimalize.

Kunguru wa mto huu wameharibika. Wanashiba makombo ya harusi, hawana adabu tena kwa wafu wala kwa walio hai. Hilo tuliache.

Huyo Jayadevan alikuja wiki moja kabla ya sikukuu ya mavuno. Gari lake lilikwama kwenye tope la njia panda, akafika kwa miguu, viatu mkononi, ndevu kama za mtu aliyefiwa. Nikampa kiti barazani. Akanisimulia filamu yake mpaka mwisho: yule mwanamke anahukumiwa, anatolewa nje, mlango unafungwa nyuma yake, na siku hiyohiyo wazee wa nyumba yake wanamfinyangia wali wa wafu angali hai. Nikamwuliza nani amekusimulia mambo ya nyumbani kwangu. Mtu wa watu akashtuka. Akasema hakuna, Bwana Mkubwa, ndivyo nyumba kubwa zilivyokuwa zikifanya zamani. Achutan akaingia ndani haraka kwenda kucheka.

Nimekubali kucheza. Usidhani ni kwa ajili yako. Tangu nilipokuwa mtoto watu wananiambia Ravunni akivaa taji anakuwa hivi na vile, na mimi sijawahi kuona wanachokiona. Kabla magoti hayajanimaliza nataka nijione mara moja.

Masharti nimeyatoa. Kwanza, malkia wangu ni Achutan. Mwigizaji wao wa kike kutoka Bombay abaki kuwa yule mwanamke wa nyumba kubwa, akae dirishani atazame, lakini kwenye mkeka wa mchezo sitamkumbatia binti wa watu nisiyemjua baba yake. Pili, uso wangu utapakwa rangi na mpakaji wangu, nikiwa nimelala chini kwa muda wote unaotakiwa, na asije mtu na saa kuniharakisha. Tatu, huyo mpigapicha asiniambie neno, nami sitamwambia. Niliapa mbele ya taa ya nyumba siku ulipoondoka naye kwamba neno langu halitamfikia, na mimi si mtu wa kuapa asubuhi na kuvunja kiapo jioni.

Kuhusu chumba cha kaskazini, kimejaa nazi.

Ravunni


Kodambakkam, Madras
17 Septemba 1976

Mjomba,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na chai ya Achutan umeshaificha. Mimi naendelea vizuri. Mtoto ameanza kurusha mateke, hasa redio inapopiga ngoma. Hilo sijalitia chumvi.

Umeniandikia. Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyostahili, maana ilikuwa ya matusi mwanzo hadi mwisho, lakini mwandiko ulikuwa wako. Alavi alinikuta nimeiweka kifuani akadhani kuna msiba.

Nazi zinahamishika, Mjomba.

Umesema asikuambie neno. Nimemfikishia, naye amekubali. Hakukasirika. Ananiambia kwamba mtu anayetumia usiku kucha kusema kwa mikono na macho peke yake hawezi kumwogopesha kwa kunyamaza. Nilimwambia asijidanganye, hakujui. Lakini wewe nawe usijifanye humjui yeye. Yule kijana aliyekuja kuwapiga picha za gazeti, ukampa nafasi akae karibu na mpakaji, ukamsifia macho yake mbele ya watu wote, ndiye huyuhuyu. Picha yako yenye taji iliyotundikwa sebuleni ni ya mkono wake. Umenifuta mimi nyumbani humo, lakini picha yake bado inapanguswa vumbi kila Ijumaa. Mama ameniambia.

Kosa lake ni moja tu, na kosa hilo ni langu pia. Nilimpenda, akanipenda, yeye ni Mwislamu wa Tirur na mimi ni binti wa nyumba yenye taa isiyozimwa. Nilijua utakavyosema. Nilikwenda kwa sababu ningebaki ningekuwa mtu mwenye uchungu nyumbani mwako mpaka uzeeni, nanyi mngekula uchungu huo kila siku pamoja na wali. Sijutii. Ninachokitaka si kurudisha siku nyuma. Nataka mtoto azaliwe kwao.

Mpwa wako, bado,
Ambujam


Karimpara
4 Oktoba 1976

Ambujam,

Hujambo? Sisi tu salama, ila uani hapaingiliki. Wametandaza nyaya kila mahali, na mama yako amegeuka mama lishe wa wageni wote. Anawapikia, anawagombeza, ana furaha ambayo sijaiona muda mrefu. Kikohozi amekisahau.

Wanapiga filamu katika lile jumba tupu la ng'ambo ya mashamba, na nusu ya kijiji wamechukuliwa wakae kama watazamaji wa zamani. Wametakiwa kuvua saa na miwani. Mzee wa posta amekataa kuvua miwani, kwa hiyo amewekwa nyuma ya nguzo.

Nikuambie tulivyogombana. Siku ya kwanza nimepakwa, nimevaa, taji lipo kichwani, nimekwisha kunyamaza, maana mwenye taji hasemi. Nakwenda mbele ya taa, ngoma zinaanza. Jayadevan anapiga kelele simama. Anasema nitazame kamera. Kamera, anasema, ndiyo yule mwanamke dirishani, mpenzi wangu wa siri. Akaiweka pembeni kabisa, kushoto kwangu. Nikaendelea kuitazama taa. Akasimamisha tena, na tena. Mwishowe nikavua taji, ili niweze kusema, nikamwambia: "Bwana, mwalimu wangu alinifundisha kuyakaza macho kwenye taa nikiwa na meno ya utoto. Watu wako huko nyuma ya moto, mpenzi yuko huko nyuma ya moto, Mungu yuko huko. Pembeni hakuna mtu ninayemjua."

Akasema basi filamu haiwezekani. Nikasema basi isiwezekane. Nikaenda nyumbani kunywa uji na rangi yangu usoni.

Kesho yake sikwenda. Jioni Achutan akaja mbio, amejishikilia mbavu. Akaniambia njoo uone, wamemzika mkweo.

Nikaenda kuona. Nyuma ya taa, karibu nayo kabisa, huyo mtu wako amechimba shimo. Amechimba mwenyewe, kwa jembe la jirani, asubuhi mpaka alasiri, amezama humo mpaka mabegani na kamera yake. Jicho la kamera linatokea sawasawa na ulimi wa moto. Nikiitazama taa, naitazama kamera. Taa haikusogezwa hata unywele. Jayadevan alikuwa anazunguka shimo akisugua ndevu, akitamani wazo lingekuwa lake.

Niliagiza mkeka, nikalala nipakwe.

Tumekuwa tukifanya hivyo siku zote hizi. Moshi wa mafuta unampiga usoni, matone ya moto yanamrukia mikononi, hatingishiki. Wachezaji wachanga wa siku hizi ukiwaweka karibu na taa hivyo watakuambia macho yanawasha. Nakuandikia tu kwa kuwa ni jambo nililoliona. Halina maana nyingine.

Leo walinitaka nimwonyeshe mwigizaji wao mzee namna ya kupiga makofi kuita kunguru kwa ajili ya wali wa yule mwanamke. Nikamwambia usijisumbue, hawatakuja. Wakaja wote wa wilaya nzima, kwa kuwa wapishi wa filamu walikuwa wamemwaga vichwa vya samaki nyuma ya ukuta. Nilirudi nyumbani mapema. Sikujisikia vizuri kuyatazama hayo.

Ravunni, mjomba wako


Kodambakkam, Madras
10 Oktoba 1976

Mjomba,

Pole kwa kujisikia vibaya. Mimi nimevimba miguu kidogo, vinginevyo ni mzima.

Umetia sahihi "mjomba wako". Nimeliona. Sitalitolea maneno mengi nisije nikakufanya ulifute.

Daktari amesema safari ya treni mwisho wake ni mwezi huu. Ukiisha huu, nibaki nilipo mpaka nijifungue. Kuna mama jirani, Mtelugu, ameahidi kunipikia mchuzi wa pilipili wa mzazi, na amekwisha kuniandalia vitambaa. Ni mtu mwema sana. Usiku uliopita nililia kwa sababu ya wema wake, kwa kuwa hakuwa mama yangu.

Nilikuwa nimeandika kurasa nne nyingine za kukubembeleza, nimezichana. Swali langu unalijua. Sitaliuliza tena.

Ambujam


Karimpara
19 Oktoba 1976

Mwanangu Ambujam,

Salamu zote na baraka zote, miguu yako iwekwe juu ya mto unapokaa, usiining'inize. Hapa kila mtu yupo salama.

Nataka nikusimulie ya juzi kabla mwingine hajakusimulia, maana Achutan ataongeza chumvi na mama yako ataongeza machozi.

Ilikuwa siku ya mwisho ya kupiga filamu. Ule mchezo ni wa mfalme anayerudi bustanini kwake baada ya miaka ya uhamisho, na malkia yuko kando yake. Unajua kwamba hapo waimbaji hunyamaza, zikabaki ngoma, na mchezaji hupewa nafasi aonyeshe kwa mikono yake anachokiona bustanini. Hapo hapana maneno ya kitabu. Kila mmoja huonyesha chake. Jayadevan aliniambia nionyeshe chochote nipendacho, yeye hajui lugha ya mikono, anachotaka ni uso. Nilikuwa nimekusudia tausi. Tausi wangu watu wanampenda, tena ni mwepesi kwa magoti.

Nikaitazama taa. Juu ya moto, nyuma ya kioo cha kamera, nikauona uso wa Alavi. Masizi mpaka kwenye nyusi, macho yamejaa machozi. Labda ni moshi. Alikuwa ananitazama kama mtu aliyesimama mlangoni na amekwisha kubisha hodi zake zote.

Tausi hakuja. Mikono ikaonyesha paa. Paa jike, mzito, mimba imemshuka, anakuja polepole kutoka upande wa kusini. Nyuma yake msitu unaungua. Mbele yake kuna ukuta wa bustani, na lango limetiwa komeo. Anaweka pua yake kwenye mbao na kunusa. Anajua nyumba hii, alizaliwa humu. Mpiga ngoma mkubwa akanielewa, akazishusha ngoma mpaka zikawa pumzi ya mnyama. Hapo mfalme kwa desturi huita mtumishi na kuamuru. Mimi sikuita mtumishi. Nilishuka kwenye kiti, Ambujam, na magoti haya, nikaenda langoni, nikaliondoa komeo kwa mikono yangu mwenyewe. Nikasimama pembeni paa apite. Nikamwonyesha akilala kwenye majani, nikamwonyesha akizaa, nikamwonyesha akimlamba mtoto.

Watu wa kijiji wanajua mikono. Waliambiwa wakae kimya kama watazamaji wa zamani, lakini wanawake wote walikuwa wanalia, na mama yako alisimama katikati yao akabaki amesimama. Achutan, ambaye kazi yake ilikuwa kunitazama kwa haya kama malkia, alilia mpaka rangi ya shavu ikashuka kwenye kidevu. Jayadevan alifurahi sana. Aliuliza lile lilikuwa nini. Achutan akamwambia ni mambo ya bustani.

Nikavuliwa taji. Nikafutwa uso kwa mafuta ya nazi. Halafu nikaenda kwenye shimo. Alavi alikuwa bado humo anafunga mikanda yake, hakuniona nikija. Nikasimama ukingoni. Ninajua niliapa. Niliapa mbele ya watu wa nyumba yote, na neno hilo nimelivunja mbele ya kijiji kizima.

Nikamwambia: "Umekula?"

Akainua uso. Akasema: "Bado, Mjomba."

Nikamwambia: "Basi toka humo tukale."

Nikampa mkono akapanda. Tulikula barazani kwetu, jani lake kando ya jani langu. Alikula samaki mpaka mfupa ukabaki mweupe, jambo ambalo lilimpendeza mama yako kuliko filamu nzima. Hatukuzungumza mengi. Nilimwuliza kama shimo lilikuwa na sisimizi, akasema sana, nikasema ungeweka majivu, akasema hakujua. Ndivyo tulivyopatana. Usitafute zaidi, hapakuwa na zaidi.

Nazi zimehamishwa. Chumba kimesilibwa upya kwa samadi, kitanda cha bibi yako kimeteremshwa kutoka darini, na kamba zake nimezikaza mimi. Mama yako na Achutan wamepanda treni ya jana kuja kukuchukua. Kama posta itakuwa na uvivu wake wa kawaida, watafika kabla ya barua hii, na utaisoma nyumbani.

Mjomba wako,
Ravunni


Kodambakkam, Madras
2 Mei 1977

Mjomba wangu,

Shikamoo nyingi kutoka kwangu, na kutoka kwa mjukuu wako ambaye wakati huu ninapoandika anakula pembe ya karatasi. Tumefika salama. Treni ilikuwa ya joto, lakini alilala kwenye mapaja ya baba yake njia nzima. Magoti yako yanaendeleaje? Mafuta niliyokuachia usimpake ng'ombe.

Jirani yangu Mtelugu alimpokea akamshika kidevu, akauliza jina. Nikasema kwa bibi yake wa Tirur anaitwa Nabisa, kwa babu yake wa Karimpara anaitwa Unnimaya, naye huitika yote mawili akiwa na njaa. Nilimwambia pia ulivyopokea habari pale mlangoni, mkunga alipotoka kukuambia ni msichana. Nilikuwa nimelala nimechoka lakini nilisikia yote. Ulisema, "Nyumba imepata mwenyewe," halafu ukaenda uani, ukadhani hatukusikii, ukapiga mguu chini kama anavyopiga mfalme anaposhinda vita.

Kuna jambo halijaniondoka moyoni. Mwezi wa pili, sikukuu ya hekalu, kamati hawakukuita. Walisema nyumba iliyozaliwa mtoto wa Mwislamu haiwezi kumtoa mchezaji wa mfalme hekaluni. Wakaleta mchezaji kutoka kusini. Ngoma zilikuwa zinasikika mpaka kwetu, na wewe umekaa barazani na Unnimaya mapajani, ukaniambia unapumzisha magoti. Nikaona vidole vyako vinacheza kwenye mgongo wa mtoto mchezo mzima, toka mwanzo mpaka mwisho. Siku hiyo sikusema kitu. Leo nasema: niliumia, na ninaona fahari kwamba hukuja kunilaumu hata kwa jicho.

Lakini sikia hili. Jana filamu ilionyeshwa hapa kwa mara ya kwanza, kwa watu wa sinema na waalikwa. Nilikaa nyuma na mtoto. Uso wako ulijaa ukuta mzima, Mjomba. Nilikuwa naona kila mshipa wa jicho. Watu wa Madras hawajui mikono yetu, walikuwa wanatazama tu kimya. Ulipofika kwenye paa, bibi mmoja wa kwetu aliyeketi mbele, sijui ni mama wa nani, akaanza kuwasomea majirani zake kwa sauti: amefika langoni, maskini, limefungwa, mfalme amemsikia, anashuka, anashuka mwenyewe. Halafu akapiga kelele ukumbi mzima ukageuka: "Amefungua!"

Taa zilipowashwa watu walisimama. Walipiga makofi mpaka mtoto akaamka akalia. Alavi hakusimama. Alikuwa amejifunika uso kwa leso yangu.

Wataipeleka Ottapalam, mji ulio karibu nanyi, kabla ya mvua kwisha. Nenda ujione, ulisema unataka.

Mpwa wako,
Ambujam


Karimpara
11 Januari 1978

Ambujam na Alavi, wanangu,

Salamu kwenu. Meno ya Unnimaya sasa ni mangapi? Mama yenu anauliza kila posta inapopita. Yeye ni mzima. Mimi ni mzima. Achutan amepata mafua na anajifanya anakufa.

Nilikwenda Ottapalam kujiona. Sikuwaandikia kwa sababu nilikuwa natafuta la kusema. Nilichokiona ni hiki: miguu yangu inaanza kuchelewa, na macho bado. Nimeridhika. Nilikwenda tena kesho yake na mama yenu, na tena na Achutan, ambaye alinung'unika kwamba Alavi alimpiga picha upande wa pua kubwa.

Mara ya tatu, safu mbele yetu, alikaa mtu amejifunika shali mpaka masikioni na joto lile lote. Alipogeuka kununua karanga nikamtambua. Ni mwenyekiti wa kamati ya hekalu. Nikamwamkia. Akasema amekuja kumtafuta mwanawe.

Wiki iliyopita wamekuja barazani, kamati nzima. Sikukuu ya mwaka jana iliwatia aibu. Mchezaji wao kutoka kusini si mbaya, lakini kabla ya alfajiri watu walikuwa wamelala na wengine wamekwenda nyumbani. Mwaka huu, tangu filamu ipite, vijiji vyote vinauliza Ravunni atacheza lini. Mwenyekiti alizungumzia mvua, akazungumzia bei ya mpunga, akazungumzia afya yangu. Nikamwacha azungumze. Mwisho akasema kamati imeonelea ya nyuma yapite, na mfalme wa mwaka huu niwe mimi.

Nikawaambia nitacheza, kwa sharti moja. Ndani ya ukuta wa hekalu Alavi haruhusiwi kuingia, na mimi sina haja ya kubishana na ukuta. Lakini mchezo hauna lazima ya kuwa ndani. Mashamba yamevunwa, chini pamekauka, na taa huwaka popote palipo na mafuta. Mchezo utachezwa nje, shambani, aingie kila mwenye macho. Baba wa mtoto wa nyumba yangu atakaa mbele, kwenye mkeka wa kwanza, mahali wanapokaa watu wa nyumbani.

Walikohoa sana. Mwenyekiti akasema tangu enzi za mababu mchezo wa sikukuu haujawahi kutoka nje. Achutan akajibu kutoka mlangoni, na mafua yake: "Basi mtafuteni na malkia mwingine." Mpiga ngoma mkubwa alikuwa ameketi ngazini anatafuna tambuu. Alinyanyuka akaja kukaa upande wangu, ndipo wakajua na ngoma hawana.

Wakaomba wakajadiliane chini ya mnazi. Mama yenu akawapelekea chai, akasimama hapohapo na sinia mpaka wakaona haya kujadiliana. Wakarudi. Ni shambani.

Habari zimekwisha kuenea. Tirur nako wamesikia, na mama yake Alavi ameleta salamu kwamba anakuja na dada zake wote, tuandae mikeka. Sikuwahi kufikiri nitamwandalia yule mama mkeka. Nimeagiza ule mpana.

Unnimaya atalia akiuona uso wangu uliopakwa kijani cha mfalme. Alie, azoee, ni kazi ya nyumba yake. Mwenyekiti anasema wasichana hawachezi kathakali. Nimeanza kumtengenezea kengele za miguu.

Sikukuu ni mwezi ujao, mwezi ukiwa mpevu. Msinijibu kwa barua. Pandeni treni.

Mjomba wenu,
Ravunni